Kimeng'enya kipi cha kuoksidisha metanoli? Ulinganisho kwa anayetaka kujenga bakteria wake

"Mwalimu, nataka E. coli wangu waishi kwa metanoli. Nichukue jeni ya nani?"

Swali hili hunifikia karibu kila muhula, na kila mara hulijibu kwa swali: hizo elektroni unataka ziende wapi? Mwanafunzi hudhani nimemkwepa. Sijamkwepa. Akishapata jibu la swali langu, vimeng'enya vitatu alivyokuwa akivisoma vinabaki kimoja, au viwili kwa taabu.

Tuanze na tendo lenyewe. Metanoli ni alkoholi ndogo kuliko zote, ina kaboni moja tu. Kuioksidisha ni kuipokonya elektroni mbili na protoni mbili, ikabaki fomaldehidi. Viumbe wanaokula metanoli kwa kutumia oksijeni hupita hapo, lakini hawapiti kwa mlango mmoja. Bakteria wengi wa Gramu-hasi wana kimeng'enya chenye kisaidizi kiitwacho PQQ, ambacho huzipokea elektroni na kuzikabidhi kwa saitokromu, protini ya kupitisha elektroni. Bakteria wengine, na maarufu kati yao ni Bacillus methanolicus, huzikabidhi kwa NAD, mbebaji wa elektroni ndani ya seli ambaye akishazipokea huitwa NADH. Hamira zinazokula metanoli huzitupa moja kwa moja kwenye oksijeni. Hamira si bakteria, najua, lakini ukizitoa kwenye ulinganisho huu utakuwa umemficha mnunuzi bidhaa inayouzwa kuliko zote, kwa hiyo nitaziweka.

Kwa nini mtu ahangaike na metanoli wakati glukosi ipo? Wanaojenga viumbe kwa biolojia sintetiki, yaani kuchukua jeni za huku na huku na kuzipanga upya ili seli ifanye kazi ambayo haikuzaliwa nayo, wamezoea kulisha bakteria wao sukari. Sukari hiyo ni muwa na mahindi, na muwa na mahindi ni shamba, maji na sahani ya mtu. Metanoli hutengenezwa kiwandani, zaidi ya tani milioni 100 kwa mwaka duniani, nyingi kutokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Inaweza pia kutengenezwa kwa hewa ukaa na haidrojeni. Ni kimiminika, inachanganyika na maji vizuri, inasafirishwa kwa tangi la kawaida. Metani haina sifa hizo. Mimi naiona ni kaboni inayofaa sana kwa nchi zinazohitaji mahindi yao ziyale.

Shida yake ni kile inachogeuka kuwa. Fomaldehidi ikiyeyushwa majini ndiyo fomalini, ile ya chumba cha maiti. Inashika protini na kuifunga kwenye protini nyingine, inashika protini na kuifunga kwenye DNA. Hapa Afrika Mashariki tunalijua hilo kwa machozi: Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi, pombe iliyochanganywa na metanoli iliua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine, na Mei 2014 msiba kama huo ukarudi katika kaunti kadhaa za Kenya. Ini letu lina kimeng'enya cha aina ya NAD kinachoigeuza metanoli kuwa fomaldehidi, kisha fomaldehidi inakuwa asidi fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoshambulia neva ya macho. Daktari akimpa mgonjwa huyo ethanoli au fomepizoli, anakishughulisha kimeng'enya hicho au kukizuia ili metanoli itoke mwilini kabla haijageuzwa. Shika hilo la ethanoli kushindana na metanoli. Litakurudia maabara.

Chenye PQQ: fundi hodari asiyehama kwao

Cha kwanza kugunduliwa ni hiki. Christopher Anthony na Leonard Zatman walikieleza mwaka 1964, na walijua mapema kwamba hakitumii NAD wala kisaidizi chochote kilichokuwa kikijulikana wakati ule. Ilichukua hadi mwaka 1979 kisaidizi hicho kuonekana umbo lake, na baadaye kikapata jina la PQQ.

Sura yake ya kawaida, inayoitwa MxaFI, ina vipande vikubwa viwili vya kilodaltoni 66 hivi na vidogo viwili vya 8.5 hivi. Katikati ya kila kipande kikubwa kuna PQQ moja na atomu ya kalsiamu. Hakikai ndani kabisa ya seli. Kinakaa katika nafasi iliyo kati ya tando mbili, na hapo hukabidhi elektroni kwa saitokromu maalumu, nayo huzipeleka kwenye mnyororo wa upumuaji. Uzuri wake ni kwamba njia hii ni mteremko. Nishati ya mmenyuko inakivuta mbele, hivyo kinaikamata metanoli hata ikiwa mikromolari chache tu. Ndiyo sababu Methylobacterium, bakteria wa rangi ya waridi, huishi juu ya majani: jani linapokua, pektini ya kuta za seli zake huachia metanoli kidogo kidogo, na kidogo hicho kinamtosha.

Kama hujawahi kumwona, mtafute leo. Yeyusha agari yenye chumvi za madini bila sukari, iache ipoe hadi nyuzi 50 hivi ndipo utie metanoli nusu asilimia, kwa sababu metanoli huchemka kwenye nyuzi 65 na ukiitia mapema utaivuta wewe badala ya bakteria. Weka na dawa ya kuzuia kuvu. Bandika jani la kunde juu ya agari, libonyeze taratibu, liondoe, ziba sahani vizuri. Baada ya siku tano au wiki utaona umbo la jani zima limechorwa kwa vidoa vya waridi, mshipa kwa mshipa. Nimewaonyesha wanafunzi wa miaka mingi na bado mimi mwenyewe husimama kuitazama. Aina maarufu kuliko zote maabarani, Methylobacterium extorquens AM1, ilipatikana Oxford mwanzoni mwa miaka ya 1960 kama kiumbe cha hewani kilichoangukia sahani.

Sasa ubaya wake kwa mjenzi. Ukitaka kumhamishia E. coli kimeng'enya hiki, huhamishi jeni moja. Unahitaji vipande vyote viwili, saitokromu yake, protini za kukipachika kalsiamu na kukikunja nje ya utando wa ndani, na juu ya hayo jeni za kutengeneza PQQ, maana E. coli haitengenezi PQQ. (Jambo la ajabu: E. coli ana kimeng'enya chake cha glukosi kinachohitaji PQQ, kinakaa kikisubiri kisaidizi ambacho mwenyewe hawezi kukitengeneza. Ukimwekea PQQ kwenye chakula, kinaamka.) Jumla ni jeni zaidi ya kumi, na zikikubali zote, elektroni zimeshaingia kwenye saitokromu. Hazirudi kuwa NADH kirahisi. Kama bidhaa yako ni butanoli au sakisineti, vitu vinavyojengwa kwa NADH, umejinyima mtaji mlangoni.

Ndugu wa kalsiamu aliyejificha

Kwa muda mrefu jenomu za bakteria hawa zilionyesha jeni nyingine inayofanana na mxaF, jeni ya kipande kikubwa cha MxaFI, ikaitwa xoxF, na hakuna aliyeweza kuipa kazi. Ukiisafisha protini yake, ilikuwa kama imekufa. Sababu ilikuwa ya kusikitisha kwa wepesi wake: chakula cha maabara hakikuwa na madini inayoyataka. XoxF haitumii kalsiamu. Inatumia lanthanidi, yaani lanthanamu, seriamu, neodimiamu na ndugu zao, madini ambayo vitabu vilifundisha kwamba hayana kazi yoyote katika uhai.

Dalili zilianza kutoka Japani karibu mwaka 2011. Kilichofunga mjadala ni bakteria wa tope linalochemka la Solfatara, karibu na Naples, Italia. Methylacidiphilum fumariolicum anapenda asidi kali na joto la nyuzi 55, na maabarani aligoma kukua hadi watafiti walipomwongezea maji ya tope lake mwenyewe. Mwaka 2014 walieleza kwamba kilichokuwemo katika maji yale ni lanthanidi. Huyu hana MxaFI kabisa; bila lanthanidi hawezi kula metanoli.

Katika Methylobacterium, lanthanamu kidogo mno inatosha kuzima jeni za mxa na kuwasha za xox. Kidogo kiasi gani? Wanaofanya kazi hii hukwepa chupa za kioo na kutumia za plastiki, maana kioo chenyewe huachia chembe za madini hayo. Kumbuka hilo unapolinganisha matokeo ya maabara mbili zenye "chakula kilekile".

Kwa E. coli, XoxF ina matatizo yote ya nduguye, pamoja na kutafuta njia ya kuyaingiza madini ya lanthanidi ndani ya seli. Siipendekezi kwa anayeanza. Lakini kama lengo lako si kula metanoli bali kuyakusanya madini yenyewe, mambo yanageuka. Protini iitwayo lanmodulini, iliyoelezwa mwaka 2018 kutoka kwa M. extorquens, inashika lanthanidi kwa ung'ang'anizi mkubwa na kuziacha kalsiamu na metali nyingine. Ngualla kule Songwe, Mrima Hill huko Kwale na Gakara nchini Burundi kote kuna mwamba wenye madini haya, na kuyatenganisha kwa tindikali na viyeyusho ni kazi chafu na ya gharama. Kijana wa biolojia wa ukanda huu anayetafuta mada ya shahada ya uzamili, hapa nadhani pana mada bora kuliko E. coli wa metanoli.

Cha NAD: jeni moja, mlima mmoja

Bacillus methanolicus anakua kwenye nyuzi 50, ni wa Gramu-chanya, hana ile nafasi ya tando mbili. Kimeng'enya chake, Mdh kwa kifupi, kilichochunguzwa sana na kundi la Groningen, Uholanzi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kinaelea ndani ya seli. Ni vipande kumi vilivyo sawa, kila kimoja chenye zinki na magnesiamu. Aina ya MGA3 inavyo vimeng'enya hivi vitatu tofauti: viwili jeni zake ziko kwenye kromosomu na cha tatu kwenye plasmidi (kijiduara cha DNA kilicho nje ya kromosomu) yake ya asili, pBM19, ambayo akiipoteza hawezi tena kuishi kwa metanoli.

Kwa mjenzi, hiki ni zawadi. Jeni moja, protini ya ndani ya seli, madini ambayo E. coli anayo tayari, hakuna PQQ, hakuna saitokromu, na oksijeni haiingii kwenye mmenyuko wenyewe. Zaidi ya yote, elektroni zinatoka zikiwa NADH, sarafu inayokubalika kila duka ndani ya seli.

Mlima wake ni nishati. Kuzipandisha elektroni za metanoli hadi NAD ni kupanda, si kuteremka, na gharama yake katika hali ya kawaida ni kilojuli karibu 30 kwa moli. Weka namba uone. Kwa kilojuli 30, kizio cha ulinganifu, yaani uwiano wa mazao kwa malighafi pale mmenyuko unaposimama, ni takriban sita kwa milioni. Mpe bakteria metanoli milimolari 500, ambayo ni nyingi sana, na chukulia NAD ndani ya seli ni mara 10 ya NADH. Fomaldehidi itajikusanya hadi mikromolari 30 hivi, kisha mmenyuko unasimama. Unasimama kabisa, hata ukiweka kimeng'enya mara mia. Njia pekee ya kuusogeza ni kuiondoa fomaldehidi mara tu inapotokea, au kuitumia NADH haraka, au yote mawili.

Pamoja na hayo, kimeng'enya chenyewe ni cha polepole na hakiipendi metanoli sana. Hupendelea ethanoli na butanoli. MxaFI hutosheka na mikromolari, hiki huhitaji milimolari makumi hadi mamia ili kifanye kazi vizuri. B. methanolicus ana protini nyingine, Act, inayokiongezea kasi sana kwenye kipimo cha maabara, lakini wengi wanaojenga ndani ya E. coli huiacha.

Kuna ndugu wa kimeng'enya hiki ambaye ningemwanza yeye: Mdh2 ya Cupriavidus necator N-1. Hahitaji Act na anafanya kazi kwenye joto analolipenda E. coli. Kundi la James Liao lilimboresha kwa kubadilisha amino asidi tatu tu, wakapata aina waliyoiita CT4-1, ambayo ufanisi wake kwa metanoli ni karibu mara sita ya wa awali. Mara sita ya kidogo bado ni kidogo, lakini katika kupanda mlima kila hatua inahesabiwa.

Na je, imefika wapi? Mwaka 2015 kundi lililowaunganisha watu wa Zürich na wengine lilionyesha kwamba E. coli mwenye Mdh na vimeng'enya viwili vya kuipokea fomaldehidi, Hps na Phi, huiingiza kaboni ya metanoli katika viungo vyake. Kuishi kwa metanoli pekee kulikuja mwaka 2020, kutoka kundi la Liao, Taiwan: E. coli akigawanyika kila baada ya saa 8.5. Walichokikuta njiani ndicho ninachotaka usikisahau. Kilichokuwa kikiwaua bakteria wao walipomaliza chakula ni fomaldehidi kufunga protini kwenye DNA, na seli zilizonusurika zilikuwa zimebadilisha idadi ya nakala za jeni zao ili mapato na matumizi ya fomaldehidi yalingane. Kundi la Julia Vorholt, Zürich, likafuata kwa njia yake mwaka 2022 na aina inayogawanyika kwa saa 8 hivi, kisha mwaka 2024 likaishusha hadi saa 4.3 na kuonyesha bidhaa zinazotengenezwa, zikiwemo asidi laktiki na plastiki ya kibayolojia. Kwenye glukosi E. coli huyo huyo hugawanyika kwa saa moja hivi. Hapo ndipo tulipo.

Kuna njia nyingine, ya kuigeuza metanoli hadi fometi (asidi fomiki katika hali ya chumvi) na kuijenga kwa glisini, iliyotoka kundi la Arren Bar-Even mwaka 2020. Kwa metanoli ilikuwa ya polepole sana, zaidi ya saa 50 kwa kizazi kimoja. Kwa fometi ni nzuri kuliko kwa metanoli.

Cha hamira: kinachouzwa sokoni

Hamira Komagataella phaffii, ambayo wengi bado huiita Pichia pastoris, huoksidisha metanoli kwa kimeng'enya cha vipande vinane, kila kimoja na kisaidizi chake kiitwacho FAD, chote uzito wa kilodaltoni 600 hivi. Elektroni huenda kwa oksijeni na kutoa haidrojeni peroksidi, sumu nyingine, kwa hiyo kazi yote hufungiwa ndani ya kifuko kiitwacho peroksisomu, pamoja na katalesi ya kuivunja peroksidi hapo hapo. Kimeng'enya hiki hakiikamati oksijeni kwa nguvu, na hamira hufidia kwa kukitengeneza kwa wingi: ikilishwa metanoli, huweza kufika asilimia 30 ya protini zote zinazoyeyuka ndani ya seli.

Wingi huo ndio utajiri wa hamira hii. Swichi ya jeni ya kimeng'enya hicho, AOX1, hufungwa kabisa na glukosi na kufunguka kwa metanoli. Weka jeni ya protini yako nyuma ya swichi hiyo, otesha hamira kwa gliseroli hadi zijae tangi, kisha dondoshea metanoli. Chanjo ya homa ya ini aina B na insulini zimetengenezwa hivyo nchini India. Kampuni ya Phillips Petroleum ndiyo iliyoanza kuikuza hamira hii kwa wingi miaka ya 1970, ikitafuta chakula cha mifugo. Uingereza, kampuni ya ICI ilifanya hivyo kwa bakteria wa PQQ, Methylophilus methylotrophus, katika tangi la lita milioni 1.5 pale Billingham. Vimeng'enya vilifanya kazi yao barabara. Bei ya metanoli na soya ndiyo iliyozima ndoto hiyo.

Lakini tazama elektroni zimekwenda wapi. Zimekuwa joto. Tangi la hamira kwenye metanoli linadai oksijeni kwa pupa na linachemka kama sufuria, na gharama ya kulipoza katika mji wa joto kama Dar es Salaam au Mombasa si ya kubeza. Kwa protini moja yenye thamani kubwa, inalipa. Kwa kemikali ya bei rahisi unayotaka kuiuza kwa tani, kila elektroni iliyogeuka joto ni kaboni uliyoinunua bure. Kukihamishia kimeng'enya hiki ndani ya E. coli, bila peroksisomu na bila katalesi ya kutosha, ni kumwalika mgeni asiye na choo.

Mezani kwako: nini kinapimika

Hapa ndipo wengi hukwama, na sioni kikizungumzwa vya kutosha. Usichague kimeng'enya usichoweza kukipima.

Cha PQQ hupimwa kwa rangi. Unatia kimeng'enya, kipokezi cha elektroni, na rangi ya DCPIP ambayo ni ya bluu nzito. Unatia amonia kwa sababu nje ya seli hakifanyi kazi bila kuamshwa, na unapandisha pH hadi 9 au juu yake. Kisha metanoli, na bluu inafifia mbele ya macho yako hadi maji meupe. Inapendeza. Ila mara ya kwanza nilipofanya, bluu ilianza kufifia kabla sijagusa chupa ya metanoli. Nilibadilisha maji, nikaosha vyombo, nikatengeneza dawa upya, siku tatu zikapita. Si uchafu. Kimeng'enya hiki husafishwa kikiwa kimebeba kitu chake cha kuoksidisha, jambo ambalo Anthony na wenzake walilijua tangu mwanzo. Pima kwanza bila metanoli, kila mara, na uutoe mwendo huo kwenye hesabu.

Cha NAD hupimwa kwa kuona NADH ikiongezeka kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 340. Kwa kuwa mmenyuko unapanda mlima, pima dakika za mwanzo tu na kwa NAD nyingi. Na hapa ethanoli inarudi. Kama ulifuta kijiti au meza kwa spiriti, kama chupa yako ilioshwa kwa ethanoli na haikukauka, kimeng'enya kitaikimbilia hiyo na kukupa matokeo ya kufurahisha yasiyohusu metanoli. Mwanafunzi mmoja alinionyesha mchoro mzuri sana wa kasi. Tulipoweka maji badala ya metanoli, mchoro ulibaki vilevile.

Cha hamira hupimwa kwa kuikamata peroksidi kwa peroksidesi na rangi ya ABTS, inayogeuka kijani.

Kipimo kimoja kinawafaa wote, na ndicho ningekinunua kwanza kama maabara ina spektrofotomita moja ya kugombania: cha Nash, cha kuiona fomaldehidi yenyewe. Asetilasetoni, amonia aseteti, asidi asetiki kidogo; changanya na sampuli, pasha moto kidogo, na palipo na fomaldehidi patakuwa pa manjano, usome kwenye nanomita 412. Kemikali zake ni za bei nafuu na rangi huonekana hata kwa macho.

Basi nichague nini?

Kama unataka protini kwa wingi, chukua hamira na usiguse kitu kingine. Swichi, aina na utaratibu vimekwisha kuandaliwa na watu wengine kwa zaidi ya miaka 30.

Kama unataka amino asidi, na una tangi la kuoteshea linalofika nyuzi 50 bila kuyumba, chukua B. methanolicus mwenyewe. MGA3 asiyeguswa hutoa glutameti karibu gramu 60 kwa lita ya tangi, na kwenye joto hilo wavamizi ni wachache na tangi linahitaji kupozwa kidogo. Kwetu, ambako maji ya bomba hayana ubaridi, naliona hilo kuwa faida kubwa ambayo vitabu vya kutoka nchi za baridi huitaja kwa mstari mmoja tu. Zana zake za kubadilishia jeni ni chache kuliko za E. coli, hilo kweli, na metanoli huvukia haraka kwenye nyuzi 50, kwa hiyo ziba vyombo.

Kama unataka kiumbe kinachokua vizuri kwa metanoli kidogo, kwenye joto la kawaida la chumba, chukua Methylobacterium na PQQ yake humo humo alimo. Usiihamishe. Mhamishie yeye jeni za bidhaa yako.

Na kama ni lazima E. coli, kwa sababu jeni zako zote zimeshajengwa kwake na bidhaa yako inakula NADH, chukua Mdh ya NAD, uanze na CT4-1. Lakini usianze na Mdh! Hili ndilo kosa ninaloliona kila mwaka. Mwanafunzi anaweka Mdh, anaipata inafanya kazi, anashangilia, kisha anashangaa bakteria wanakufa au hawasogei. Amefungua bomba kabla ya kuchimba mtaro. Ile mikromolari 30 tuliyoihesabu itabaki pale pale kama ukuta mpaka kuwe na mtu wa kuichota.

Anza na Hps na Phi. Weka jeni hizo mbili, otesha seli, kisha wape fomaldehidi kidogo, mikromolari mia chache, na chakula cha kuwapa ribulosi fosfeti, sukari ya kuipokea fomaldehidi hiyo. Chota sampuli kila baada ya dakika tano, tia dawa ya Nash, panga mirija mezani kwa mfuatano. Weka pembeni safu nyingine ya seli zisizo na jeni hizo, kwa sababu E. coli wa kawaida naye ana njia yake ya kuondoa fomaldehidi, na huyo ni lazima umtoe kwenye hesabu. Safu ya pili itafifia taratibu. Safu yako ikitoka manjano hadi nyeupe mapema kuliko hiyo, na ikarudia hivyo siku tatu tofauti, agiza jeni ya Mdh.